Presi ya Watu Watano

Kwenye presi yetu ya kukamua mafuta hapakuwa na mtu wa kutazama. Ukifika, ukasimama penye kivuli cha michikichi ukasalimia kwa amahoro, jibu lake lilikuwa kuonyeshwa mti. Mti huo ulikuwa mkaratusi mrefu uliochomekwa kwenye nati kubwa ya chuma, na nati ilishuka kwenye parafujo kidogo kidogo kadiri watu wanne walivyozunguka wakisukuma, wawili huku na wawili kule. Chini yake, ndani ya ngoma ya chuma yenye matundu, zilikaa ngazi zilizochemshwa, yaani matunda ya mchikichi, zikibanwa mpaka mawese yatoke. Mgeni, mpita njia, katekista, mtu aliyekuja kudai jembe lake, wote walishika mti, na hakuna aliyeuachia kabla mafuta hayajakoma kudondoka. Nasikia watu wa Minago nao walifanya hivyo. Sikuona kwa macho yangu, kwa hiyo sitaapa.

Nilisoma mpaka darasa la sita, na la sita lenyewe sikulimaliza. Nilianza kuandika kwa sababu kaka yangu alinitaka niwe karani wa presi. Alininunulia kaye, daftari la kurasa mia moja, akaniambia maneno ambayo bado yananisumbua: "Karani haandiki anachopenda, mdogo wangu. Anaandika kilichosemwa." Nimejaribu. Lakini naandika juu ya mtu ninayempenda na mtu aliyebishana naye, na sijui kama mkono wangu hauegemei upande. Msomaji aniangalie.

Kaka nilimpata mara mbili tu maishani. Mara ya kwanza sikumbuki, nilikuwa mgongoni kwa bibi. Watu walikimbia mauaji, yeye akavushwa ziwa na baba mdogo, mimi na bibi tukabaki. Akakulia Tanzania, katika kijiji cha ujamaa. Mara ya pili nilikuwa mwanamke mwenye watoto wawili, naloweka mihogo, nikaona mwanamume mrefu anasukuma baiskeli iliyofungwa redio. Akaniita kwa jina ambalo bibi peke yake alikuwa analitumia. Sikulia siku hiyo. Nilimuuliza kama amekula.

Alikuja na baiskeli, redio na tabia ya kumwita kila mtu ndugu. Alimwita padri ndugu. Alimwita askari wa kizuizi cha barabarani ndugu, na askari akamuuliza, "Ndugu yako ni nani hapa?" Haikupita muda akawashawishi wakulima wanne waungane naye kununua presi. Mpaka hapo tulikuwa tunapeleka ngazi kwa mwenye presi mmoja, anabakiza sehemu yake ya mafuta, na ukichelewa zinaoza. Watano hao walinunua yao, wakaimwagia saruji chini kwenye mteremko upande wa Kigwena. Hakuna aliyekuwa mkubwa. Hata zamu walipigia kura kwa punje za maharage.

Mtu wa pili katika habari hii ni mfanyabiashara wa mjini Rumonge, wa mtaa wa Waswahili, ambaye babu yake alitokea ng'ambo zamani za Wabelgiji. Alinunua mawese yetu akayapeleka Bujumbura. Kaka alimwita Tajiri. Naye alimwita kaka Mwenyekiti. Mara ya kwanza alifika na kanzu nyeupe kukagua mafuta, akasimama pembeni. Kaka akamwambia, "Ndugu Tajiri, hapa hatutazami." Tulidhani ataondoka. Akakunja kanzu, akaichomeka kiunoni, akashika mti upande wa pili.

Basi ikawa hivyo karibu miaka mitatu, kila alasiri ya kukamua. Ujamaa unasukuma huku, ubepari unasukuma kule, wanazunguka, hakuna anayeuona uso wa mwenzake vizuri, na mafuta yanatoka. Vita vilikuwa vimekwisha kuanza. Tulisikia habari zake kwenye redio, na siku nyingine tulisikia milio yenyewe kule milimani. Lakini mabishano ninayoyakumbuka si ya vita.

"Kijijini kwenu Tanzania," Tajiri alisema siku moja, na hii niliiandika kama ilivyo, "duka la ushirika lilikuwa na nini?"

"Viberiti," kaka akasema. "Na chumvi."

"Na sabuni?"

Kaka akasukuma hatua mbili tatu. "Sabuni tulipanga foleni."

"Munasikia? Sisi hapa mutoto wa miaka saba anajua kupika sabuni ya mawese, na weye unatuletea siasa ya watu wasio na sabuni!"

Wanawake tuliokuwa tunachambua ngazi tulicheka, na mimi nilicheka, naandika ukweli.

"Tulikosa wote," kaka akasema. "Hiyo ndiyo tofauti. Hapa mmoja anaoga mara mbili na mwingine ananuka."

"Kwa hiyo raha yako ni tunuke wote, Mwenyekiti?"

"Raha yangu ni kwamba huyu anayesukuma mti ndiye mwenye mafuta. Weye ukilala, presi inalala? Hailali. Lakini sisi watano tukilala, matajiri wote wa Rumonge watakaanga dagaa wao, ndagala, kwa maji."

"Na gari la kupeleka Bujumbura nani atalipa? Maharage yenu ya kura?"

Kaka alikuwa na ujanja wake. Hoja yake nzito aliitunza mpaka mti ukaze, kwa sababu nati ikishafika chini mti unakuwa mzito na pumzi inakwisha. Hapo ndipo alipomuuliza Tajiri swali. Tajiri mwili wake ulikuwa mnene. Alifungua mdomo, hakuna kitu, akabaki kunyanyua kidole kuonyesha kwamba jibu analo. Tukasema Mwenyekiti ameshinda. Kwa haki, hakushinda kwa hoja. Alishinda kwa mapafu.

Tena niandike ambayo kila mmoja alikiri, kwa sababu hayo hawakuyasema kwa kelele. Kaka alikiri kwamba katika shamba la kijiji watu walilima kwa nguvu mwenyekiti akiwatazama, akigeuka walisimama. Alisema yeye mwenyewe alisimama. Tajiri alikiri kwamba barabara ya Gitaza, ya kwenda Bujumbura, ilipofungwa kwa sababu ya kuvamiwa magari, alinunua mafuta ya mjane mmoja kwa bei ya woga, akijua mjane hana pengine pa kuuzia. "Nilikuwa naogopa na miye," akasema. "Gari ingechomwa." Kaka hakumcheka.

Halafu vita vikashuka kwenye michikichi yetu. Siwezi kusema nani alianza kupiga, maana wenye bunduki wote tuliwakimbia namna moja. Siku tatu tulilala vichakani. Siku ya nne watano wakakutana penye presi, mchana, haraka haraka, kuamua. Wote walijua mashine ikiachwa itang'olewa. Kaka akatoa wazo lake, na wakalipenda: presi ifunguliwe, kila mmoja akimbie na kipande kimoja. Wa kwanza pipa la kuchemshia, wa pili ngoma, wa tatu sahani ya chuma inayobana, wa nne mti, wa tano, kaka mwenyewe, nati. Parafujo ilikuwa imeshikwa na saruji, ikabaki. "Hakuna atakayeweza kukamua bila wenzake," kaka akasema. "Tutarudi pamoja au haitafanya kazi."

Aliyepewa mti alilalamika. "Wenzangu wamepewa mashine, miye nimepewa kuni!"

Tajiri alikuwepo, alikuja kuchukua madumu yake ya mwisho. Akasema, "Mwenyekiti, unakosea. Kitu cha mtu mmoja kinakimbia na mtu mmoja, kinarudi na mtu mmoja. Hiki kitakuwa na miguu kumi, kila mguu na njia yake. Na huyu wa mti ana haki. Mti ukipotea anakata mwingine. Nati ikipotea?" Alijua anachosema. Fundi aliyeichonga nati kwa parafujo ile alikuwa Bujumbura, na barabara ilikuwa imefungwa.

"Na chako kimoja kikiibiwa, kinaibiwa chote," kaka akasema.

Nimeyapima maneno hayo miaka mingi. Wote wawili walisema kweli, na wote wawili iliwafika. Wiki ile ile ghala la Tajiri lilivunjwa asubuhi moja likabaki kuta. Vipande vyetu vitano havikuguswa na mwizi hata kimoja. Na havikutoa hata tone la mafuta.

Kaka hakuweza kubaki. Mtu anayesema siasa hadharani na kumwita kila mtu ndugu, pande zote mbili za vita zilimuuliza ni ndugu wa nani. Nilimsindikiza ufukweni saa nne asubuhi. Mtumbwi wa injini ulikuwa umejaa watu wanaokwenda Kigoma. Mwenye mtumbwi akaona kiroba chenye nati, akakishika, akasema, "Chuma hapana. Uzito wa chuma hiki ni uzito wa mutoto." Na kweli kulikuwa na mama na mtoto wanasubiri. Kaka hakubishana. Yule mtu wa kubishana kuliko wote hakubishana. Akanipa kiroba.

"Usimpe mtu mmoja," akaniambia. "Wakirudi, wape wote wakiwa pamoja."

"Nawe lini?"

"Nitarudi kukamua."

Maji yalimfika magotini, akapanda. Hakupunga mkono kwa sababu alikuwa amempokea yule mtoto ili mama yake apande. Hicho ndicho nilichobaki nacho cha mwisho: mgongo wa kaka na kichwa cha mtoto wa mtu begani mwake. Niliona wivu. Naandika na hilo.

Nati niliitia ndani ya chungu cha mawese ya zamani, ikazama, isishike kutu. Tulihama kambi mbili, na chungu nilikibeba mara zote mbili, watu wakidhani nina mafuta ya kula. Nilipokuwa na hamu ya kaka nilitia mkono mle ndani nikapapasa hesi za nati, ile mifereji yake ya ndani, kwa kidole, mzunguko kwa mzunguko. Sijui kama ilikuwa akili. Mume wangu alisema haikuwa.

Baada ya miaka miwili tulirudi kwenye michikichi, ingawa vita havikwisha. Tulilima mchana tukiangalia milima. Ndipo nikapata habari zake mara moja. Mwanamke aliyetoka Kigoma kuuza vitenge alinipa kipande cha sabuni kilichofungwa kwa karatasi, na kwenye karatasi mwandiko wa kaka: *Mwambie Tajiri sabuni iko.*

Nilitembea mpaka mjini siku hiyo hiyo. Tajiri alikuwa ameanza upya na meza moja, anauza chumvi. Alisoma karatasi, akanusa sabuni, akaipindua huku na huku akitazama jina la kiwanda. Akacheka hadi akaegemea meza. "Muulize kiwanda hiki ni cha nani siku hizi!" akasema. "Muulize, dada! Serikali yao imeanza kuuza viwanda, si anasikia redio? Hii ni sabuni ya tajiri!" Akacheka tena. Halafu akaifunga tena kwa karatasi yake, na aliponirudishia akasema, "Hajanijibu bado lile swali la gari." Sabuni sikuiogea. Inayo harufu mpaka leo, kidogo.

Yaliyofuata ndiyo ninayoogopa kuyaandika vibaya. Kati ya wale watano, mmoja alikuwa amefariki kambini kwa kuhara. Mmoja alikuwa Tanzania kama kaka, kipande chake amewaachia watu wake. Wawili walirudi, wakiwa na watoto wembamba. Tajiri alipoinuka tena alinunua kipande kimoja kimoja, mbele ya mashahidi, akampa mjane wa yule marehemu kilicho chake bila kumpunja, nilikuwepo. Hata mwenye mti alilipwa, wakati mti wenyewe ulikuwa umeliwa na mchwa. Mwishowe akaja kwangu.

"Imebaki nati, dada."

"Kaka alisema niwape wote wakiwa pamoja."

"Wote wako wapi?"

Nikasema tu, "Hapana." Aliondoka bila hasira. Nikakataa msimu huo, na msimu uliofuata.

Misimu hiyo miwili ngazi zilianguka zikaoza chini ya miti. Mwenye presi wa zamani hakurudi, na yake ilikuwa imeng'olewa. Tulikamua kwa miguu, ndani ya shimo lililosakafiwa, tunakanyaga na maji ya moto kutoka asubuhi mpaka jua linapinda, na mafuta yenyewe yakiwa nusu. Ngozi za nyayo zilitoka. Nilikanyaga pamoja nao, huku nati iko nyumbani kwenye chungu. Hakuna aliyenisema wazi, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nilijiambia nailinda presi ya watu wote isiwe ya mtu mmoja. Lakini nilipokuwa peke yangu nilijua kwamba sehemu kubwa haikuwa siasa. Presi ikianza kufanya kazi bila kaka, basi kaka hahitajiki kurudi. Alisema atarudi kukamua.

Aliyevunja jambo hili ni jirani yangu, mwanamke ambaye hakuwahi kusoma hata siku moja. Alikaa ukingoni mwa shimo, amenyoosha miguu, nyayo zimeiva kama nyanya. Akaniuliza, "Kaka yako alisema nati ni ya nani?"

"Ya wote."

"Wote ni nani?"

"Wale watano."

"Ego, ndiyo. Na sisi tuliokuwa tunasukuma mti kila siku tukiwa si watano, tulikuwa nani? Si yeye alisema anayesukuma ndiye mwenye mafuta? Miye nilimusikia kwa masikio haya. Basi wote tuko hapa, dada. Tazama." Akaonyesha shimo. Walikuwa wanawake saba na mzee mmoja, mapaja yote mekundu. "Tupe."

Nilirudi nyumbani nikasoma kaye. Maneno yalikuwepo, kwa mwandiko wangu. Sikuwa nimeyasahau. Nilikuwa nimeyasoma kila mara kwa upande ninaoutaka.

Kesho yake nilibeba chungu kichwani mpaka penye parafujo, nikatuma mtu kumwita Tajiri. Alikuja na vipande vingine kwenye baiskeli mbili. Nikatoa nati mbele ya wote, mafuta yakinichuruzika mpaka viwiko. Nikasema nampa, ila presi iwe na sheria ile ile, anayefika asukume, na wanaosukuma wachote mafuta yao kabla ya mwenye presi. Nilisema kwa sauti ndogo, sijazoea.

Tajiri akasema, "Mafuta watachota. Si wa kwanza, ila watachota, na kipimo watakishika wao. Kuhusu nati, usiniuzie."

"Kwa nini?"

"Hiyo ni ya Mwenyekiti. Naikodi. Akirudi ataichukua au tutabishana. Nikiinunua, atarudi kufanya nini?"

Nimefikiri sana juu ya neno lile. Inawezekana ni wema. Inawezekana ni hesabu, kwa sababu kukodi hakukumlazimisha kutoa kitu kikubwa siku hiyo, na mimi nilifungwa kwake kuliko kama ningeuza. Nadhani yalikuwa yote mawili, na sioni kwamba moja linafuta lingine. Ninachojua ni kwamba, zaidi yangu, alikuwa mtu mwingine hapa duniani aliyekuwa na hoja ya kutaka kaka arudi.

Nilimwandikia kaka kupitia yule mwanamke wa vitenge. Niliandika: *Nati nimeitoa. Presi sasa ni ya Tajiri, ila tunasukuma.* Nilijua atakasirika, na nilimngoja akasirike. Nilikuwa na hamu anigombeze. Ningekubali aandike ukurasa mzima wa matusi, au atume tena karatasi ya sabuni yenye neno moja la ukali. Mwanamke wa vitenge alirudi akasema mahali alipokuwa kaka wamehamishwa, barua ameiacha kwa watu. Safari nyingine akasema vivyo hivyo. Baadaye yeye mwenyewe akaacha kuja.

Siku ya kwanza ya kukamua mti mpya ulikuwa bado na harufu ya ganda. Mwanamke mmoja alishika upande mmoja pamoja na Tajiri, ambaye sasa alikuwa amekonda. Upande wa kaka hapakuwa na mtu aliyeusogelea. Nikaenda mimi, na jirani yangu akanifuata. Tukaanza kuzunguka. Mafuta yakaanza kutoka, mekundu, na chuma kikalia.

Tajiri akashindwa kuvumilia kusukuma bila mabishano. "Munaona," akasema kwa nguvu, kama anasema na kichaka, "presi imeamka kwa sababu mtu mmoja amezunguka kukusanya vipande. Mtu mmoja!"

Akangoja. Nilitakiwa kujibu. Nilijua kuna jibu, nilikuwa nimeliandika mara mia kwenye kaye, lakini mimi ni karani, si msemaji. Nikasukuma. Akangoja mzunguko mzima.

"Haya," akasema, sauti imeshuka. "Hapa Mwenyekiti angesema, Tajiri, ulikusanya vyuma tu, watu hukuwakusanya. Si angesema hivyo?"

"Hapana," nikasema. "Angeuliza kwanza nani alivitunza vyuma vyenyewe wakati ghala lako linavunjwa."

"Kweli," akasema. "Kweli, angeanza na ghala. Halafu?"

"Halafu angengoja mti ukaze."

Akacheka kidogo, pumzi tayari fupi. Mti ulikuwa umeanza kukaza. Tukainama wote, sisi huku na wao kule, na hakuna aliyekuwa na swali la kumtupia mwenzake.